OK: herufi mbili za mzaha zilizobebeshwa mzigo usio wao

Jumamosi ya tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post, huko Marekani, lilichapisha katika ukurasa wake wa pili habari fupi ya kulitania gazeti la mji jirani wa Providence. Mhariri, Charles Gordon Greene, alikuwa akizungumzia safari ya wanachama wa kundi moja la Boston lililojiita Anti-Bell-Ringing Society, yaani chama cha kupinga upigaji kengele. Katikati ya utani huo akachomeka herufi mbili ndogo, o.k., kisha kistari, kisha maana yake: all correct, yaani kila kitu ni sahihi. Alitoa maana kwa sababu msomaji angeachwa njiani. All haianzi kwa O, wala correct haianzi kwa K. Mtu alitakiwa kuwaza oll korrect, tahajia ya mtu asiyejua kuandika, ndipo acheke. Kifupisho kilichotangaza kwamba hakuna kosa kilikuwa chenyewe na makosa mawili, moja kwa kila herufi.

Aliyetuma ujumbe kwa simu za vitufe miaka ya 2000 huko kwetu anaujua mchezo huu vizuri. Vijana walioandika xaxa kwa sasa, cjui kwa sijui na 2po kwa tupo walikuwa wakifanya jambo lilelile. Angalia xawa: ina herufi nne, sawa nayo ina nne. Hakuna nafasi iliyookolewa. X imewekwa kwa raha ya kuivunja tahajia mbele ya mtu anayeijua. Tofauti ni kwamba Boston mwishoni mwa miaka ya 1830 waliocheza ni wahariri wa magazeti. All right wakaifanya O.W., kana kwamba ni oll wright. No go, yaani haiwezekani, wakaifanya K.G., kana kwamba ni know go. Vyote hivyo vimekufa, na hata wasemaji wa Kiingereza wa leo ukiwaandikia K.G. watadhani unazungumzia uzito.

O.K. nayo ingekufa hivyo hivyo. Iliokolewa na uchaguzi. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea muhula wa pili, nchi ikiwa bado inauguza mtikisiko wa kiuchumi wa 1837. Alikuwa amezaliwa Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wake wakampa jina Old Kinderhook, Mzee wa Kinderhook. New York wakaanzisha O.K. Club. Bahati ikawa kwamba herufi za jina la mzee zilikuwa tayari zinatembea magazetini na maana ya mambo kuwa sawa, kwa hiyo kila aliyezipiga kelele barabarani alisema mambo mawili kwa pumzi moja. Wapinzani wao wa chama cha Whig hawakukaa kimya. Wakazigeuza kuwa out of kash, wameishiwa fedha, tena kwa K ileile ya utani. Van Buren alishindwa vibaya, kura 60 za wajumbe kwa 234 za William Henry Harrison. Lakini mpaka kampeni inakwisha, neno lilikuwa limeshasikika nchi nzima.

Kampeni hiyohiyo ndiyo iliyozaa uongo wa kwanza kuhusu asili ya neno. Machi 1840 gazeti la Herald la New York lilidai kwamba Andrew Jackson, rais aliyemtangulia Van Buren na kumlea kisiasa, hakujua tahajia, na ndiye aliyekuwa akiidhinisha hati kwa herufi O.K. akidhani ndivyo all correct inavyoandikwa. Ilikuwa propaganda ya kumdhalilisha mzee na mrithi wake. Miaka mingi baadaye ikaonekana kama imepata ushahidi: katika kumbukumbu za mahakama huko Tennessee kulikuwa na hati ya mwaka 1790, yenye jina la Jackson, ambayo watu walisoma mwishoni mwake O.K. Kama ingekuwa kweli, Boston ingepoteza neno lake, maana hati hiyo imetangulia gazeti la Greene kwa miaka 49. Wachunguzi waliporudi kuiangalia karatasi yenyewe waliona herufi ni O na R, kifupisho cha kawaida cha makarani kwa amri iliyosajiliwa. R ya mkono yenye mguu mrefu ilikuwa imesomwa K.

Aliyeweka mambo haya sawa ni Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, kwa mfululizo wa makala alizochapisha mwaka 1963 na 1964 katika jarida la American Speech. Njia yake ilikuwa ya jasho. Hakuanza kwa kujiuliza O na K zinaweza kusimama badala ya nini. Aliyasoma magazeti ya miaka hiyo kwa mfuatano wa tarehe, akakusanya kila kifupisho alichokuta, mpaka fasheni nzima ikaonekana: ilipoanzia, nani aliicheza, ilisambaa kwenda miji ipi. Ndiyo maana maelezo yake yamesimama hadi leo. Hayaelezi O.K. peke yake kama mti uliojiotea jangwani. Yanaonyesha msitu uliokuwa umeuzunguka, na K.G. na O.W. ni sehemu ya msitu huo.

Swali la asili ya neno lina majaribio yake, na yeyote anaweza kuyafanya. Tarehe kwanza. Iko simulizi kwamba OK imetokana na Orrin Kendall, jina la biskuti walizokula askari katika Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe ya Marekani. Vita hiyo ilianza 1861, neno lilichapishwa 1839. Hapo mjadala umekwisha, hakuna haja ya kujua chochote kuhusu biskuti. Halafu kuna njia: neno lilipitia kwa nani kufika hapo lilipoonekana? Kigiriki kina ola kala, yote mema, na herufi zake za mwanzo zinakaa pale pale kwa O na K, na maana karibu ileile. Ni simulizi tamu. Lakini katika magazeti ya Boston hakuna Mgiriki anayeonekana akilileta, ilhali mhariri aliyeliandika aliweka maana yake ya Kiingereza ubavuni. Sauti na maana zikifanana bila njia, ni bahati. Lugha za dunia ni maelfu na silabi zinazotamkika kwa urahisi ni chache, kwa hiyo bahati za namna hii zipo tele.

Mabingwa wa lugha walibishana kwa muda mrefu zaidi juu ya Wachokta, wenyeji wa kusini mwa Marekani, ambao lugha yao ina kiambishi cha kukazia kinachosikika kama oke, ndivyo hivyo. Rais Woodrow Wilson, aliyeongoza 1913 hadi 1921, aliamini simulizi hii kiasi cha kuandika okeh kwenye hati alizozikubali. Imani ya rais haikuwa ushahidi, ila ilitosha kuvisha simulizi koti la heshima. Kampuni ya santuri ya Okeh, iliyoanzishwa 1918, ilitumia picha ya mwenyeji wa Marekani kwenye lebo zake, ingawa herufi za jina lilelile zililingana na za mwanzilishi wake, Otto K. E. Heinemann.

Dai linalotugusa sisi ni la Afrika Magharibi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa lugha za Kiafrika, David Dalby, alisema kwamba OK inatoka katika Kiwolofu, waaw kay, ndiyo kabisa, na ilivushwa bahari na watu waliouzwa utumwani. Dai hili linastahili kupimwa kwa heshima, kwa sababu jambo linalosimama nyuma yake ni kweli: Kiingereza cha Marekani kimejaa maneno ya Waafrika ambayo kwa muda mrefu hayakutambuliwa. Goober, jina la karanga huko kusini, ni nguba ya Kikongo na Kimbundu. Gumbo, mchuzi wa Louisiana, inarudi kwa jina la bamia katika lugha za Kibantu za Angola. Lakini ukilipima waaw kay kwa mizani ileile linakwama. Maandishi ya zamani yanayotajwa kulitetea, kama shajara ya Jamaika ya 1816 yenye mshangao oh ki, yana sauti inayokaribia na maana isiyokaribia: anayetamka hapo anashtuka, hakubali. Kutaka neno liwe letu hakulifanyi kuwa letu. Nguba ni yetu kwa ushahidi, na ushahidi huo hauna haja ya kuongezewa chumvi.

Baada ya siasa, kazi. Laini ya kwanza ya telegrafu ya Samuel Morse, kati ya Washington na Baltimore, ilifunguliwa Mei 1844. Mafundi wa telegrafu na reli walihitaji alama fupi ya kusema ujumbe umefika wote na haukuharibika njiani. O na K zilikuwa nyepesi kugonga. Hapo mzaha ukaacha kuwa mzaha. Kizazi kilichofuata kilijifunza OK kwa karani wa stesheni, bila kujua oll korrect wala Mzee wa Kinderhook, na nadhani kusahaulika huko ndiko kulikolipa neno uhuru wa kusafiri. Mzaha hautafsiriki, mhuri unatafsirika.

Na mhuri ndio maana yake hasa. OK inasema: nimepokea, na sijaona kasoro. Basi. Haisemi kitu ni kizuri. Chakula kikiitwa okei, mpishi hana sababu ya kufurahi. Haisemi nimeelewa, wala naahidi, wala nakuruhusu. Maana hizo zote huletwa na sauti, uso, na mahali. Ana kwa ana tunazisoma bila shida. Shida huanza sauti inapopita kwenye waya au redio, na uso ukakosekana.

Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa ndege wa Los Rodeos katika kisiwa cha Tenerife ulikuwa umefunikwa na ukungu. Boeing 747 ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, ilikuwa mwisho mmoja wa barabara ya kurukia. Boeing 747 nyingine, ya shirika la Pan Am la Marekani, ilikuwa bado inatembea juu ya barabara hiyohiyo ikija upande wake. Hakuna aliyemwona mwenzake, na mnara wa kuongozea ndege haukuziona zote mbili. Kutoka KLM ukaja ujumbe kwa Kiingereza ambao tafsiri yake ya karibu ni: sasa tuko kwenye kuruka. Mwongozaji wa mnara alidhani wanamaanisha wako tayari mahali pa kuanzia. Rubani alikuwa tayari ameanza kuruka. Mnara ukajibu: OK. Kimya kikapita, kama sekunde mbili. Kisha mwongozaji akaongeza: subirini kuruka, nitawaita. Katika sekunde zilezile Pan Am nao wakafungua redio kusema bado wapo barabarani. Redio za namna ile hazibebi sauti mbili kwa pamoja. Zikigongana hutoa mlio mkali. Ndani ya chumba cha marubani wa KLM ule mlio ulizifunika sentensi zote mbili. Neno moja tu lilifika safi, nalo ni lile la kwanza.

Ndege hizo mbili ziligongana, na watu 583 walikufa. Ajali ile ilikuwa na sababu nyingi, kuanzia ukungu hadi haraka ya rubani, na si haki kulibebesha neno moja lawama yote. Ila OK ilifanya pale kile ambacho hufanya kila siku: mnenaji alimaanisha nimekusikia, msikilizaji akaweza kusikia ruksa. Baada ya Tenerife lugha ya redio za ndege ilikazwa. Neno la kuruka hutamkwa sasa wakati wa kutoa ruhusa ya kuruka au kuifuta tu. Kabla ya hapo husemwa kuondoka. Rubani hurudia maagizo kama yalivyotolewa, pamoja na namba zake, mnara unayasikiliza kama yamerudi yalivyokwenda. Kukiri kupokea kuna neno lake, roger, na kuahidi kutekeleza kuna lake, wilco. Kile ambacho OK ilikuwa imekifumba pamoja kimefumuliwa kikawa vipande.

Wazamiaji nao wana somo la jirani. Chini ya maji, duara la kidole gumba na cha shahada lina maana ya niko salama, na huulizwa kwa ishara hiyohiyo. Mgeni anayejifunza Mafia au Nungwi akiulizwa hali yake kisha akajibu kwa kuinua dole gumba, kama afanyavyo nchi kavu, kiongozi wake ataanza kupanda naye juu, maana dole gumba hapo ni agizo la kupanda. Na akitoka majini asilipeleke lile duara Brazili, ambako ni tusi.

Turudi kwenye Kiswahili, maana neno limeshaingia na halitoki. Okei haikulifukuza neno lolote tulilokuwa nalo, na hilo linatuambia kwamba limepata kazi yake. Sawa, lililotoka Kiarabu, bado linabeba maana yake ya awali ya ulingano: wawili hawa ni sawa, gawanya sawasawa. Ukimjibu mtu sawa, umesema maneno yake na yako yamelingana. Haya linasukuma jambo mbele: haya anza, haya twende. Laweza pia kuwa la kukata tamaa, kwa aliyeshindwa na ubishi. Poa linapima hali ya moyo. Okei, kwa wengi wanaolitumia leo, ni bawaba. Mwalimu husema okei akigeuka ubaoni kuanza mada mpya, mwenyekiti husema okei kufunga ajenda ya pili kabla ya kufungua ya tatu. Sikiliza watu wakimaliza kuongea kwa simu: okei, haya, haya basi, sawa, baadaye. Kila neno hapo ni hatua ya kurudi nyuma kuelekea mlangoni, na mara nyingi okei ndilo linalotangulia kwa sababu ndilo jepesi, linaonya kwamba mazungumzo yanakaribia ukingoni bila kumkata mtu.

Kwa hali ya mtu tulikuwa na kitu kilicho karibu zaidi na OK kuliko hivyo vyote. Sijambo ni kanusho: sina jambo, hakuna lililonipata. Kama vile OK ya telegrafu, inaripoti kukosekana kwa kasoro na haidai furaha. Sasa uko sawa? imeenea sana mijini, na wengi wanaosikiliza tafsiri za filamu hawasikii tena kwamba nyuma yake kuna swali la Kiingereza. Sioni haja ya kuipiga vita. Ninachokitetea ni mfasiri kukumbuka kwamba hujambo ipo, na kwamba kwa mzee wa pwani aliyeanguka mlangoni, umeumia? ni swali bora kuliko uko sawa?, kwa kuwa uko sawa? linamwalika ajibu sawa.

Hospitali ndipo jambo hili linapouma zaidi. Muuguzi anaeleza: kidonge kimoja asubuhi, kimoja usiku, baada ya kula, siku saba, usiache hata ukijisikia vizuri. Anamaliza kwa, sawa mama? Mama anajibu, sawa. Mara nyingi jibu hilo lina maana ya nimekusikia na ninakuheshimu. Kama hakusikia siku saba, sawa yake haitaonyesha. Dawa ya tatizo hili ni ileile ya marubani: mwombe arudie. Mama, ukifika nyumbani utanywaje hizi? Akikosea, atakosea pale mbele yako, na inachukua nusu dakika. Aliyezoea kuuliza kwa sawa? au okei? anaweza kudhani ameshafanya ukaguzi, kumbe amepokea adabu.

Lipo pia suala la kitufe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Apple walipokuwa wakitengeneza kompyuta ya Lisa, kitufe cha kukubali kiliandikwa Do It, fanya. Kwenye majaribio baadhi ya watu walisita, na mmoja akauliza kwa nini mashine inamwita dolt, mjinga. I kubwa ya herufi zile ilikuwa inafanana na l. Wakaweka OK, na dunia nzima imebonyeza OK tangu hapo. Watafsiri wa simu wakaandika Sawa. Panapoulizwa kama unataka kuhifadhi picha, Sawa inakaa vizuri, kwa kuwa kuna pendekezo la kulingana nalo. Lakini kuna ujumbe wa namna nyingine: malipo hayakukamilika, au faili limeharibika na haliwezi kufunguliwa, na chini yake kitufe kimoja tu, Sawa. Hapo mtumiaji analazimishwa kukubaliana na hasara yake. OK ya Kiingereza inapita kwa sababu inasema umepokea taarifa. Kwa Kiswahili pale paandikwe Nimeona.